Mgeni Mbele ya Sheria: Kumsikiliza Mwomba Hifadhi katika Historia ya Taifa Letu

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapana mtoto wa Kitanzania asiyeijua methali hii. Lakini ipo nyingine iliyo kali zaidi: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mwalimu Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza maana ya Ujamaa, ili kuonyesha kwamba ukarimu wa wazee wetu haukuwa ukarimu wa kulea uvivu. Methali hizi mbili hufundishwa pamoja shuleni, moja ikiusifu moyo wa kupokea, nyingine ikiusifu moyo wa kazi. Baina yao, hata hivyo, lipo jambo ambalo hazilitaji, nalo ni kumsikiliza mgeni mwenyewe. Kabla mwenyeji hajapona, na kabla mgeni hajapewa jembe, sharti mgeni aulizwe: Umetoka wapi? Nani anakufahamu? Ni kitu gani kilichokutoa kwenu?

Katika insha hii tutajaribu kueleza jinsi swali hilo lilivyoulizwa katika nchi yetu, tangu zama za watemi hadi zama za sheria iliyoandikwa, na hasa jinsi linavyoulizwa mpakani, mbele ya mtu aliyekimbia vita au mateso akiomba hifadhi. Tutaeleza pia kazi ya wale wanaoketi upande wa mwomba hifadhi ili kumsaidia kujieleza kisheria. Kazi hiyo haina sifa nyingi, wala haiimbwi ngomani. Lakini tunaamini kwamba humo ndimo ukarimu wa taifa unamopimwa.

Desturi ya kijiji

Tuanze nyumbani. Kalemela ni kata ya wilaya ya Busega, katika mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi na ambao ulianzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba, mtama, mahindi na ng'ombe, upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Kalemela haiko mpakani. Anayetaka kutoka huko kwenda kuuona mpaka wa Rwanda au wa Burundi hana budi apite Mwanza, apite Geita, aingie Kagera au Kigoma. Huenda msomaji akauliza kwa nini basi tunaanzia huko. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba huko ndiko tulikolelewa sisi tunaoandika, na desturi ya huko ndiyo iliyotufundisha maana ya mgeni. Ya pili ni kosa tulilolifanya baadaye kwa sababu ya malezi hayo hayo, nalo tutalieleza mahali pake.

Katika Usukuma wa zamani, ardhi ya kijiji ilikuwa mikononi mwa ng'wanangwa, kiongozi aliyekuwa chini ya mtemi. Mtu aliyehamia kutoka nchi nyingine hakujikatia shamba kwa hiari yake mwenyewe. Alikwenda kwa ng'wanangwa, aghalabu akisindikizwa na ndugu au rafiki aliyekwisha kukaa hapo, akajieleza, akaonyeshwa mahali. Tangu siku hiyo alikuwa na majirani, alikuwa na zamu yake katika kazi za pamoja, na alikuwa na haki ya kulia akidhulumiwa. Wazee waliotusimulia mambo haya hawakusema kwamba kila mgeni alipokewa. Walisema kwamba kila mgeni aliyejitokeza alisikilizwa, na kwamba aliyetiliwa shaka ni yule aliyejificha. Kutofautisha kupokea na kusikiliza ni hekima kubwa. Mwenyeji anaweza kukataa, lakini hawezi kukataa kwa haki neno ambalo hakulisikia.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Wasukuma wenyewe wamekuwa wageni wa watu. Walihamia Geita, wakasogea Rukwa na nchi ambayo leo ni Katavi, wakafika hadi Usangu na bonde la Kilombero wakifuata malisho na mashamba. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa katika bonde la Ihefu ili kuuokoa Mto Ruaha Mkuu, nao wakajua ugumu wa kuondoka mahali bila kuwa na uhakika wa mahali pa kwenda. Mtu aliyepata kuwa mgeni hana haja ya kufundishwa kwa kitabu jinsi mgeni anavyojisikia.

Taifa changa na wageni wake

Hata kabla ya Uhuru nchi yetu ilikwisha kuwa kimbilio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walipewa makazi Tengeru, karibu na Arusha. Makaburi ya wale waliofia huko yapo mpaka leo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba ukimbizi ni maradhi ya Afrika peke yake. Ulaya nayo ilipata kuwatoa watoto wake wakimbilie kivuli cha Mlima Meru.

Tangu mwaka 1959 Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda walianza kuingia katika nchi zetu za magharibi. Baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964, maelfu kwa maelfu walivuka Mto Ruvuma. Mwaka 1972, baada ya mauaji makubwa ya Wahutu nchini Burundi, wengine wengi walifika, nao wakapewa mapori ya Ulyankulu katika Tabora, na ya Katumba na Mishamo katika nchi ya Mpanda. Walifyeka, wakajenga, wakalima, na baada ya miaka michache wakawa wanauza mazao badala ya kungoja chakula cha msaada. Viongozi wa wakati huo walipenda kuwaita wageni wakazi. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa juu ya undugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika, na serikali iliona aibu kumwita ndugu kwa jina la kukimbia kwake.

Ukarimu huo ulikuwa wa kweli. Mwaka 1980 Wanyarwanda zaidi ya 30,000 walikubaliwa kuwa raia. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hutolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kwa waliowatumikia wakimbizi kwa namna ya pekee. Hata baadaye, kuanzia mwaka 2014, Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi la mwaka 1972 pamoja na watoto wao walipewa hati za uraia. Ni mataifa machache duniani yaliyopata kufanya jambo kubwa namna hiyo.

Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza ni kwa njia gani ukarimu ule ulifanyika. Nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1964. Tarehe 10 Septemba 1969 viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha mjini Addis Ababa mkataba wao wenyewe, ulioanza kutumika mwaka 1974. Mkataba huo wa Afrika uliongeza jambo kubwa. Ule wa 1951 ulimtazama mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, taifa, kundi au mawazo yake ya siasa. Ule wa Afrika ulimtazama pia mtu aliyelazimika kuikimbia nchi yake kwa sababu ya uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa. Tena ulitamka kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, lisihesabiwe kuwa ni uadui na nchi aliyotoka. Mwezi Mei mwaka 1979 mkutano mkubwa juu ya wakimbizi wa Afrika ulifanyika Arusha, nao ukazidi kuutilia nguvu msimamo huo.

Lakini ndani ya nchi, sheria iliyokuwapo tangu katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa sheria ya udhibiti. Ilieleza wakimbizi wakae wapi, waongozwe na nani, na vibali vyao vitolewe vipi. Haikueleza kwa ukamilifu jinsi mtu mmoja mmoja atakavyosikilizwa ili ijulikane kuwa ni mkimbizi. Wageni walipokewa kwa makundi, kwa kuwa sababu ya kukimbia kwao ilijulikana na wote. Katika siku zile haja ya kumsikiliza kila mmoja ilikuwa ndogo, na aliyekuwa na jambo la pekee alitegemea huruma ya afisa aliyemkuta. Ukarimu ukikaa ndani ya moyo wa afisa tu, siku moyo ule ukichoka, mgeni hubaki bila pa kushika.

Daraja la Rusumo

Siku hiyo ilifika. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakavuka mpaka. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokisiwa kuwa 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa daraja la Rusumo, juu ya Mto Kagera, wakaingia Ngara. Dunia ilikuwa haijapata kuona watu wengi namna hiyo wakivuka mpaka kwa muda mfupi kiasi hicho. Kambi ya Benaco, mahali palipokuwa porini, ikageuka kuwa kama mji mkubwa kwa siku chache. Kuni zilikwisha, maji yalipungua, na wananchi wa Ngara waliona mashamba yao yakikanyagwa.

Kulikuwa na jambo zito kuliko kuni na maji. Miongoni mwa wale waliovuka walikuwamo watu wasio na hatia, na walikuwamo pia waliokuwa wameshiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wote walivuka daraja moja, wakapanga foleni moja ya chakula. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969 unakataza mtu aliyetenda jinai dhidi ya ubinadamu kuhesabiwa mkimbizi. Lakini nani angewapambanua watu robo milioni kwa siku moja? Palihitajika chekeche, na chekeche halikuwapo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo ilifanya kazi yake Arusha, ilihukumu baadaye wachache waliokuwa vinara. Wengi wa wale wengine hawakuulizwa swali hata moja pale mpakani.

Machi 1995 mpaka wetu na Burundi ulifungwa. Desemba 1996 ilitangazwa kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa nchini wanatazamiwa kurudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walianza kutembea, lakini si kuelekea kwao, bali kuelekea ndani zaidi ya nchi yetu, nao wakageuzwa njiani na askari. Karibu nusu milioni walirudi. Hatukusudii kuwahukumu waliofanya uamuzi ule. Mzigo ulikuwa mkubwa, mazingira yalikuwa yameharibika, na silaha zilikuwa zimeenea. Lakini ni wajibu wa historia kusema kwamba kama vile wote walivyoingia bila kuulizwa, ndivyo wote walivyotoka bila kuulizwa. Kama kati yao alikuwapo mmoja aliyekuwa na sababu ya kweli ya kuogopa, hakuwa na meza ya kuisemea.

Siku saba na mtendaji wa kijiji

Miaka miwili baadaye, Bunge lilitunga Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Sheria hii ina masharti makali mengi, hasa juu ya kukaa kambini. Hata hivyo ilileta jambo ambalo halikuwapo. Ilitoa tafsiri ya mkimbizi kwa kufuata mikataba yote miwili, ule wa dunia na ule wa Afrika. Iliunda kamati ya taifa ya kuchunguza nani anastahili kuwa mkimbizi. Na ilisema kwamba mtu anayeomba hifadhi ajitokeze katika muda wa siku saba tangu aingie nchini, mbele ya afisa aliyewekwa, au mlinzi wa amani, au mtendaji wa kijiji. Akifanya hivyo, asiadhibiwe kwa sababu tu ya kuingia bila kibali.

Tuliposoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza tulikumbuka Kalemela. Mtendaji wa kijiji amekalia kiti kile kile cha ng'wanangwa. Mgeni anakwenda kwake, anajieleza, anaandikwa. Aliyejitokeza anasikilizwa, aliyejificha anatiliwa shaka. Waliotunga sheria huenda hawakuwa na Usukuma akilini mwao, lakini walifika pale pale ambapo wazee walikuwa wamefika.

Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Mbele ya ng'wanangwa, mgeni alikuja na msindikizaji: ndugu, au rafiki, au mwenyeji aliyejua lugha na desturi za mahali. Mbele ya sheria ya leo, mgeni huja peke yake. Hajui kwamba kuna siku saba. Hajui kwamba kukimbia njaa na kukimbia risasi ni mambo mawili katika macho ya sheria, hata kama siku ile aliyokimbia yalimjia pamoja. Ndiyo maana msaada wa kisheria si anasa ya wasomi. Ni kumrudishia mgeni msindikizaji wake.

Msindikizaji wa siku hizi

Kazi ya kuwasaidia kisheria watu wasio na uwezo ina historia yake katika Afrika ya Mashariki. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kutoa msaada huo katika miaka ya 1960. Nairobi, Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Mradi wa Sheria za Wakimbizi ulianza mwaka 1999. Hapa kwetu, Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimefika hadi kambi za Kigoma. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria, ambayo iliwatambua rasmi pia wasaidizi wa kisheria, watu wasio mawakili lakini waliofunzwa.

Mwaka huo huo wa 2017 una maana nyingine katika historia hii. Tangu Aprili 2015 Warundi walikuwa wamekimbia tena. Katika Mei ya mwaka ule makumi ya maelfu walisongamana Kagunga, kijiji kidogo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakapatwa na kipindupindu, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma. Walipokewa kama kundi, kama ilivyokuwa desturi, wakapelekwa Nyarugusu, na baadaye Nduta na Mtendeli. Lakini Januari 2017 serikali iliacha kuwapokea Warundi kwa kundi. Tangu hapo kila aliyevuka alitakiwa kuieleza sababu yake mwenyewe, peke yake, mbele ya meza. Uamuzi huo ulilalamikiwa na wengine na ukatetewa na wengine. Sisi tutazame tu matokeo yake: neno la mtu mmoja likawa na uzito ambao halijapata kuwa nao. Palipokuwa na mlango mpana pakawa na tundu la sindano, na uzi wa kupita humo ni maelezo.

Katika miaka iliyofuata, sisi tunaoandika tulipata kuazimwa na ofisi yetu, tukakaa kwa muda upande wa mpakani kama karani wa kikosi kidogo cha msaada wa kisheria. Kikosi kilikuwa na watu wanne: wakili aliyekuwa kiongozi, msaidizi wa kisheria, mkalimani, na karani. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Mkalimani alikuwa kijana Muha, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu, na wasemaji wake husikilizana. Kazi ilikuwa kumsikiliza mwomba hifadhi kabla hajasikilizwa na wakubwa, kumweleza haki zake na wajibu wake, kuandika maelezo yake, kumsomea, na kumtia saini au alama ya dole gumba. Kiongozi hakuturuhusu kumfundisha mtu la kusema. "Tukimtia maneno kinywani," alituambia, "tumemwibia yake."

Siku moja aliketi mbele yetu mama mzee, mkulima. Alisema kwamba mwanawe alichukuliwa usiku baada ya mavuno ya maharage, na kwamba yeye alivuka mpaka miezi miwili baadaye. Mkalimani akafasiri. Sisi tukaandika: mwezi Juni. Hatukuuliza, maana hatukuona la kuuliza. Katika malezi yetu ya Kalemela zao lenye kuhesabiwa ni pamba, nayo huvunwa mara moja kwa mwaka, kiangazi kinapoanza. Mtu akisema kwetu "baada ya pamba", kila mmoja ajua mwezi anaousema.

Mama yule alipoitwa kwa mahojiano ya mamlaka aliulizwa alivuka lini, naye akasema Machi. Karatasi yetu ilisema mwanawe alichukuliwa Juni. Kwa hesabu ile, alikuwa amekimbia kabla ya jambo lililomkimbiza. Mbele ya jina lake ikawekwa alama kwamba maelezo yake yanapingana.

Kiongozi wetu alipolisoma jalada hakumlaumu mtu. Alimwita yule mama, akamketisha kivulini, akamwuliza kwa taratibu, "Mama, kwenu maharage huvunwa mara ngapi?" Mama akamtazama kana kwamba ameulizwa jua huchomoza upande gani. "Mara mbili, mwanangu. Kuna ya Januari na kuna ya Juni. Mimi nilisema yale ya kwanza." Mkalimani aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa mtoto wa Kigoma, alijua habari za misimu miwili, lakini kazi yake ilikuwa kufasiri maneno, na maneno aliyafasiri sawasawa. Kosa lilikuwa letu sisi karani. Tulikuwa tumeisikia Burundi kwa sikio la Kalemela.

Maelezo yaliandikwa upya, yakaambatishwa na barua ya kiongozi iliyoeleza misimu ya kilimo cha Burundi na jinsi kosa lilivyotokea. Jalada likarudishwa mezani kutazamwa tena. Sisi tulirejea kituo chetu cha kazi kabla uamuzi haujatoka. Lakini jambo moja lilituganda moyoni. Lau pasingekuwa na mtu wa kuuliza swali lile la maharage, mama yule angehesabiwa mwongo kwa mwandiko wetu, na angerudishwa kwa waliomchukua mwanawe, na sisi tungelala usingizi tukijua kwamba tumefanya kazi safi.

Mafunzo

Kutokana na historia hii tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, kusikiliza si kinyume cha ulinzi wa taifa. Wako wanaodhani kwamba anayemsaidia mwomba hifadhi anaufungua mpaka. Benaco inatufundisha kinyume. Pale ambapo hakuna anayesikilizwa, muuaji na mjane hula katika chungu kimoja, na siku ya kufukuzwa hufukuzwa pamoja. Chekeche linalomtetea mwenye haki ndilo hilo hilo linalomfichua asiye na haki. Mwenyeji anayeuliza vizuri ana usalama kuliko mwenyeji anayefunga mlango na kuliko anayeuacha wazi.

Pili, lugha ni sehemu ya haki. Kiswahili chetu kina maneno mengi kwa mtu anayetoka mbali: mgeni, mhamiaji, mkimbizi, msafiri, mlowezi. Kila neno lina mlango wake. Atakayemwita mkimbizi mhamiaji amemfungia mlango mmoja, na atakayemwita mhamiaji mkimbizi amewapunja wakimbizi wa kweli. Hali kadhalika majira, umri, na majina ya jamaa: katika lugha nyingi za Afrika "mama" ni zaidi ya mmoja, na "ndugu" ni wengi wasiohesabika. Karani asiyejua hayo ataandika uongo kutokana na maneno ya kweli. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa Kiswahili wasidhani kwamba somo lao ni la mtihani tu. Mwanafunzi aliyefunzwa kuuliza "unakusudia nini kwa neno hili?" aweza siku moja kumwokoa mtu.

Tatu, utamaduni hauhifadhiwi kwa kusifiwa. Tumekuwa tukijisifu kwa ukarimu wetu tangu Uhuru, na sifa hiyo tuliipata kwa haki. Lakini ukarimu wa wazee haukuwa maneno matamu. Ulikuwa na utaratibu, kiti cha ng'wanangwa, na msindikizaji aliyesimama kando ya mgeni. Utaratibu ule ulipoondoka pamoja na utawala wa watemi, uliofutwa mwaka 1963, taifa lilipaswa kuujenga upya kwa sheria. Limejenga kiti: yupo mtendaji wa kijiji, ipo kamati, ipo sheria. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba msindikizaji naye hakosekani, hata mahali ambapo barabara haifiki.

Ndugu msomaji, huenda wewe uko mbali na mpaka, kama sisi wa Kalemela tulivyo mbali nao. Usidhani kwamba habari hii haikuhusu. Siku saba zile zaweza kumkuta mtu njiani, na mtendaji wa kijiji atakayejiwa aweza kuwa wewe, au mwanafunzi wako, au mwanao. Akifika mbele yako mtu mwenye vumbi la nchi nyingine miguuni, mpe maji kama ulivyofundishwa. Kisha chukua kalamu, mwulize, na kabla hujaandika, mwulize tena.